Wimbo wa Kamba Iliyokatika

Ahimidiwe Mungu aliyeumba ulimi akauweka nyuma ya meno, mtu apate kufikiri kabla hajasema. Namshukuru kwa macho yangu ambayo bado yanaiona njia ya kanisani, na kwa magoti ambayo bado yanakunjika ingawa yanalalamika. Namshukuru pia kwa watu wa lugha nyingi aliowakusanya katika mji wetu mmoja wenye vumbi. Nitakayoyaandika hapa niliyaona kwa neema yake. Mahali ambapo sikuona, nitasema sikuona.

Mimi ni mkalimani wa ibada. Katika kanisa letu la Bulla Pesa mchungaji anahubiri kwa Kiswahili, nami nasimama upande wake wa kushoto nikiyatoa maneno yake kwa Kiturkana, sentensi moja baada ya nyingine. Nilizaliwa Mmeru. Baba yangu alitushusha kutoka milimani akafungua duka la unga na chumvi hapa mjini, na mama jirani aliyekuwa akinibeba mgongoni pamoja na wanawe alikuwa Mturkana. Kwa hiyo lugha hiyo iliniingia kabla sijajua kwamba ni ya wengine. Baadaye nilisomea Neno katika chuo cha kanisa, nikarudi nikiwa na elimu kidogo na hamu kubwa ya kusahihisha watu. Mungu ameniponya hamu hiyo polepole.

Katekista mzee aliyenifundisha ukalimani alinipa kanuni moja tu. Mkalimani husema "mimi." Mhubiri akisema, "Nilikuwa mlevi," wewe husemi, "Anasema alikuwa mlevi." Unasema, "Nilikuwa mlevi." Ukiingiza "anasema" umejisogeza kando, na wasikilizaji sasa wanaona watu wawili, hawajui wamwamini yupi. Kwa hiyo mimi, bibi wa kitambaa kichwani, nimewahi kuwa askari mstaafu, mwizi wa magari, hata baba wa mapacha. Siku moja askofu mgeni alisema, "Mke wangu yuko pale," nami nikanyoosha mkono nikasema, "Mke wangu yuko pale." Mama wa watu akainama kwa kicheko hadi kofia ikaanguka.

Sokoni wanawake hawajawahi kuniacha. "Mama mkalimani! Jumapili hii utakuwa nani?"

"Nitakuwa yule Mungu atakayemleta," nawajibu, na ninaendelea kuchagua nyanya zangu.

Basi mwaka ule Mungu alimleta kijana mmoja.

Nyuma ya kanisa kuna vyumba vya mabati. Mchungaji wetu, mtu wa kutoka mkoa wa Kati ambaye hawezi kukaa bila kuanzisha jambo, alikitenga chumba kimoja kwa vijana waliotaka kuacha tembe na bangi. Tembe ninazosema ni zile za usingizi, zinazouzwa kwa siri kwenye kona. Vijana wa mji wetu hutafuna miraa mpaka macho yanakataa kufunga, kisha humeza tembe ili yafunge. Mwishowe hawahitaji miraa tena, wanahitaji tembe tu, asubuhi na mchana. Hospitali ndiyo iliyokuwa ikiwapunguzia kidogo kidogo, kwa sababu daktari alisema ukiziacha ghafla mwili unaweza kukuangusha. Mchungaji ndiye aliyekuwa akiweka dawa na kuwapa kwa mkono wake. Kazi yangu ilikuwa ya Alhamisi mchana: kupika chai, kuketi nao, kuomba.

Kijana huyu alikuwa mrefu, mwenye tabia ya kushika kiwiko chake kana kwamba kitaanguka. Majuma ya kwanza alitoka jasho hata wakati wa baridi, na kikombe kilikuwa kikigonga meno yake. Hakuomba kwa sauti. Nikimaliza kuomba, wengine wakisema amina, yeye alikuwa akivuma kwa pua, sauti ndogo isiyo na maneno. Nilimwacha avume. Baada ya muda ule mvumo ukapata maneno, na maneno yakawa wimbo.

Aliniimbia mara ya kwanza akiangalia ukuta. Niliyaandika maneno yake moyoni tangu siku hiyo.

*Nilikuwa nimesimama, kumbe nimelala,*
*tembe imenishika mkono kama rafiki.*
*Jua likanipita na kuniuliza jina,*
*nikatafuta jina langu, sikulikuta.*

Na pambio lake lilikuwa hili:

*Kamba imekatika, kamba imekatika,*
*aliyenifunga ameshika ncha tupu.*
*Kamba imekatika na asubuhi imefika,*
*nifungulieni njia, ninaenda nyumbani.*

"Ni wimbo mzuri," nilimwambia. "Sasa nieleze. Jua linakuuliza jina, hiyo ni nini?"

"Shosho, siku moja niliamka kando ya barabara," alisema. Vijana wetu wote huniita hivyo, Shosho, yaani bibi. "Mtu alikuwa amenisimamia. Ananiuliza, 'We kijana, unaitwa nani?' Na mimi najua najua, lakini haikuji. Jina langu, Shosho. Haikuji."

"Na kamba?"

"Kamba ni tembe. Zile zote. Kwani hamuimbagi hapa kila Jumapili, sijui minyororo imekatwa, sijui tumefunguliwa?"

Alisema kweli. Ile picha aliiokota kwetu. Nami, niliyesomea Neno, niliifurahia. Nilimwambia kwamba aliyefungwa hawezi kujifungua mwenyewe, na kwamba ndiyo maana wimbo wake haukusema "nimekata" bali "imekatika." Tulikaa na neno hilo moja mpaka chai ikapoa. Alifurahi kwamba kuna mtu aliyeyachukua maneno yake kwa uzito namna hiyo. Alianza kupunguza kukishika kiwiko.

Lakini mstari wa mwisho ndio uliokuwa mgumu, ule wa kwenda nyumbani. Daktari alikuwa ameshamaliza kumpunguzia, na chumba kilingojewa na wengine. Siku moja alinionyesha lango la kanisa kwa kidevu.

"Nikitoka hapo, Shosho, mkono wa kulia ni stendi. Mkono wa kushoto ni ile kona. Wananijua. Hata kama sina kitu watanipa ya kwanza bure."

"Na mkono wa kulia?"

"Gari za Oldonyiro. Kwa mzee. Lakini mzee alinifukuza."

Mama yake alikuwa ameshazikwa. Baba yake alikuwa mfugaji wa mbuzi upande wa Oldonyiro, mtu aliyewahi kumpeleka mwana huyu mmoja shuleni mjini na kumpata akirudi hivyo. Wakati wa kiangazi kilichopita kijana alikuwa amejaribu kukaa nyumbani. "Nililala, mbuzi wakapotea," ndivyo alivyoniambia, na hakuongeza. Nilijua tu kwamba baba alimwambia asikanyage tena boma lake.

Nilijua jambo moja zaidi, na nitalisema wazi kwa sababu lote hili lilisimama juu yake. Akibaki mjini atarudi kwenye tembe. Yeye alijua, mchungaji alijua, na daktari alikuwa ametuambia bila kuficha kwamba mtu huyu anahitaji mahali pengine pa kuamkia. Mahali hapo palikuwa pamoja tu, boma la baba yake, na pana mlango wa miiba, na mwenye mlango alikuwa amekataa.

Mchungaji alituma neno kwa madereva wa lori za mifugo. Jibu lilirudi kwa njia ile ile. Dereva alisimama kwenye lango, injini ikiunguruma, akalitoa kama alivyopewa: "Mzee anasema Jumapili atakuja kusikia. Anasema hajasema atakuja kuchukua."

Kijana aliamua kwamba baba yake ausikie wimbo. Nilimuuliza mbona asiuimbe kwa Kiturkana, lugha ya mama yake, naye mzee hajui Kiswahili zaidi ya kile cha sokoni.

"Wewe si utatafsiri?"

"Nitatafsiri. Nakuuliza tu."

Akakishika kiwiko. "Kwa Kiswahili ni wimbo, Shosho. Kwa Kiturkana ni mimi."

Sikumsukuma. Niliona kwamba anajificha nyuma yangu, na nikafikiri hakuna ubaya kwa mtu aliyetoka jua kali kutafuta kivuli, hata kama ni kivuli cha bibi.

Jumapili ile mzee alifika mapema kuliko wote. Alikuwa mwembamba, ndevu nyeupe, shuka begani, fimbo mkononi. Nilimsalimu, "Ejok," naye akanijibu vizuri. Mzee wa kanisa wa zamu alimletea kiti cha plastiki. Alikitazama, akakishukuru, akaenda kukaa nyuma kabisa kwenye kigoda chake kidogo cha mbao alichokuja nacho, fimbo juu ya mapaja. Baba na mwana walitazamana mara moja, kisha kila mmoja akaangalia sakafu.

Baada ya matangazo mchungaji aliita wimbo. "Mama, kwa ufupi," alininong'oneza, maana yeye hupenda saa kuliko sisi.

Mpiga kinanda alianza kwa nguvu kana kwamba anafukuza tumbili shambani. Nilimwonyesha mkono, akapunguza. Kijana aliimba mstari, akanyamaza, nami nikautoa kwa Kiturkana, nikisema "mimi" kama ninavyosema siku zote. Nilikuwa nimesimama, kumbe nimelala. Tembe imenishika mkono. Wanawake wa Kiturkana walio mbele walianza kucheka kwa viganja mdomoni. Mmoja, mwenye shanga nyingi na ulimi mrefu, alisema wazi, "Ai, mama! Hata wewe? Na tunakuona kila siku na kikapu!" Kicheko kikapanda. Kijana naye alicheka kidogo, na nilifurahi, kwa sababu kicheko kilimlegeza koo.

Kisha tukafika kwenye pambio.

Aliimba, "Kamba imekatika, kamba imekatika." Wasikilizaji wa Kiswahili wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye duka la nguo alipiga vigelegele. Nami nikasema kwa Kiturkana kwamba kamba imekatika.

Wale wanawake wa mbele hawakucheka. Mmoja alitoa sauti ile ya ulimi inayotolewa mtu akisikia habari mbaya. Na nyuma kabisa mzee akasimama, fimbo ikiwa mkononi, akasema kwa sauti iliyozoea kuita mifugo kutoka mbali, "Mnampigia makofi kwa nini?"

Kinanda kikanyamaza. Mchungaji alinitazama. Kazi ya mkalimani ni pande zote mbili, kwa hiyo nikasema kwenye maiki kwa Kiswahili, "Mnampigia makofi kwa nini?"

"Mbuzi akikata kamba mnafurahi?" mzee aliuliza. "Kwangu mbuzi akikata kamba tunalia."

Nikayatoa hayo.

"Mwambieni aseme walikuwa mbuzi gani. Aliwaambia ninyi? Hakuwaambia. Walikuwa wana-mbuzi. Wadogo, wa kukaa bomani. Jioni wanafungwa kwa kamba kwenye vigingi mpaka mama zao warudi malishoni. Hata mtoto asiye na meno ya mbele anaijua kazi hiyo. Nilimwachia yeye. Niliporudi kamba zilikuwa chini, na yeye amelala, na wana-mbuzi wametoka kuwatafuta mama zao. Fisi hakuhitaji hata kukimbia."

Nilisema yote hayo kwa Kiswahili, nikisema "mimi," na wakati huo nilikuwa ni baba aliyewaokota wadogo wake vipande vipande. Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi ni binti wa duka. Kwangu kamba ni ya kufunga mzigo au mfungwa. Niliyachambua maneno ya wimbo ule kwa majuma mengi, na tafsiri yangu ilikuwa sahihi kutoka mwanzo hadi mwisho, na ilimfikia mzee huyu kama mwana anayejisifu kwa kile kile alichofukuziwa.

Mzee hakuwa amemaliza. Alinielekezea fimbo. "Na huyu mama. Huyu mama anasema, 'Nililala.' Hakulala yeye. Anasema, 'Nilimeza.' Hakumeza yeye. Namheshimu, ana nywele nyeupe kama mimi. Lakini sikutoka Oldonyiro juu ya lori la mbuzi ili nimsikie mama wa watu akitubu. Huyu mama anyamaze."

Kanuni ni kanuni. Nikasogeza maiki karibu, nikasema kwa Kiswahili, "Huyu mama anyamaze."

Nikanyamaza.

Kanisa lote liliangua kicheko, hata wazee wa mbele. Mimi niliweka maiki juu ya meza ya sadaka nikaenda kuketi kwenye benchi, kando ya yule mama wa duka la nguo. Mchungaji alinifuata kwa macho. Nilitikisa kichwa. Alinijua vya kutosha kutoniita tena, na hilo namshukuru Mungu kwalo, kwa sababu kwake kunyamaza ni kazi ngumu.

Kijana alibaki peke yake pale mbele. Kicheko kiliisha. Nilimwona akikishika kiwiko, akitazama mlango wa pembeni, ule unaofunguka kuelekea langoni. Lango lilikuwa wazi, na kulia ni stendi, na kushoto ni ile kona. Niliomba bila kufunga macho. Niliogopa nikifunga nitafungua na kumkosa.

Alitazama mlango kwa muda mrefu. Kisha akakiacha kiwiko.

"Apa," alisema. Ndivyo Mturkana anavyomwita baba.

Mzee alibaki amesimama.

"Apa, sikuwafunga." Alikuwa anasema kwa Kiturkana sasa, Kiturkana cha nyumbani, kisicho na Kiswahili ndani. "Niliwasikia wakilia. Sikulala sana mpaka nisisikie. Niliwasikia nikasema, nitaamka kidogo tu. Sikuamka. Mama huyu hakujua, sikumwambia."

"Anasema nini?" mama wa duka la nguo aliniuliza kwa kunong'ona, akinivuta mkono.

"Ngoja," nilimwambia.

Kwa mara ya kwanza katika kanisa lile nusu ya watu hawakuelewa kinachosemwa mbele, na waliokuwa hawaelewi ndio waliokuwa wamezoea kuelewa. Hakuna aliyetoka. Walimtazama uso.

Kijana alianza tena wimbo, bila kinanda. Sauti ilikuwa ile ile ya pambio, lakini maneno aliyabadilisha pale pale, na hayakuingia vizuri katika sauti. Mengine yalizidi, mengine yalipungua. Nikiyaweka kwa Kiswahili ni hivi, "yao" ikiwa ni ya wale wauza tembe wa kona:

*Kamba yao imekatika, Apa, kamba yao imekatika,*
*na yako nimeiacha chini.*
*Nirudishie yako mkononi,*
*nianze pale nilipolala.*

Alirudia. Mara ya pili yule mama wa shanga nyingi alimwitikia kwa sauti ya chini, kama wanavyomwitikia mtu anayemwimbia ng'ombe wake, na wenzake wakafuata. Mzee hakuitikia. Alisimama akisikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja.

Walipomaliza aliuliza, "Bado unameza?"

"Hapana, Apa."

"Mwili unazitaka?"

Niliona kijana akitaka kusema hapana. Mchungaji angependa aseme hapana, ingekuwa ushuhuda mzuri. "Siku nyingine unazitaka," alisema. "Unapozitaka nasimama, natembea."

Mzee aliketi kwenye kigoda. Alilaza fimbo juu ya mapaja. "Utaanza na wana-mbuzi," alisema.

Mtu mmoja upande wa wanaume alicheka. "Mzee, jitu refu hivi? Hiyo si kazi ya watoto?"

"Ni kazi ya watoto," mzee alijibu bila kugeuka. "Alipolala ndipo atakapoamkia."

"Ndiyo, Apa," kijana alisema.

Hapo ndipo mama wa duka la nguo aliponikaza mkono kweli kweli. "Mama, wewe sasa utaniua! Amekubaliwa au amekataliwa?"

"Amepewa kazi," nilimwambia, na yeye akapiga vigelegele kwa mara ya pili, safari hii mahali panapostahili.

Mchungaji na mzee walikaa baada ya ibada, nami katikati nikirudi kwenye kazi yangu. Walikubaliana kuhusu zahanati ya huko, na kwamba kijana asibebe tembe yoyote, hata ya kichwa, bila mzee kuiona. Lori liliondoka mchana. Kijana alipanda nyuma pamoja na mzigo wa unga, akatupungia mkono. Gari lilikata kulia.

Nimeufikiria wimbo ule tangu siku hiyo. Watu huniuliza kama pambio la kwanza lilikuwa na makosa. Halikuwa na makosa. Aliyemfunga kijana yule ameshika ncha tupu kweli, na aliyeikata ni Mungu. Lakini nilikuwa nafundisha kana kwamba wimbo unaishia pale kamba inapokatika. Mzee asiyejua kusoma hakunifundisha Neno. Alinidai tu habari ya kesho yake. Mtu aliyefunguliwa ataamka kesho afanye nini kwa mikono hiyo iliyo huru? Tumaini bila kazi ya asubuhi linachoka haraka, nimeliona likichoka kwa wengi. Siku hizi vijana wa kile chumba wakinieleza nyimbo zao, huwa nawauliza ubeti wa kesho uko wapi.

Mvua zilipokuja na kupita, akina mama wa kanisa tulienda Oldonyiro kwa ushirika na waumini wa huko. Tulifika siku ya soko la mifugo, vumbi na mbuzi kila mahali. Jioni nilipelekwa hadi boma la mzee. Nilimkuta kijana ameinama katikati ya wana-mbuzi, mabega yake yakiwa juu yao kama paa. Watoto wadogo wa boma walikuwa wamekaa juu ya jiwe wakimchokoza.

"Mkubwa wa wana-mbuzi! Na wewe mama yako anarudi saa ngapi akunyonyeshe?"

"Anachelewa," aliwajibu bila kuinua kichwa. "Nyinyi mlimwona wapi?"

Watoto walianguka kwa kicheko. Yeye aliendelea kufunga. Kila mmoja alimpitishia kamba shingoni, akakaza fundo, akamwachia nafasi ya kidole ili asinyongwe. Alikuwa anavuma kwa pua, ule mvumo wa Alhamisi.

Aliponiona alikuja kunishika mkono, mikono yake ikiwa migumu na yenye harufu ya maziwa. Nilimuuliza yuko vipi. "Kuna siku mwili unaidai ile kitu, Shosho. Jana ilikuwa siku kama hiyo." Alionyesha vigingi. "Lakini saa ya kufunga ikifika lazima nifunge. Hawa hawawezi kungoja nipone kwanza."

Mzee alitoka na kigoda chake. Tulisalimiana, akaniambia kwamba leo naweza kusema, na nikacheka. Kisha akafanya jambo ambalo, nilivyoambiwa, alikuwa akilifanya kila jioni tangu siku lori liliporudi. Alitembea polepole nyuma ya mwanawe, kutoka kigingi hadi kigingi, akiinama na kuvuta kila fundo kwa mkono wake kuona kama limeshika. Kijana alisimama pembeni akingoja, mikono imening'inia.

Katikati ya mstari mzee alisimama. Alinyoosha mgongo, akaangalia vigingi vilivyobaki, wana-mbuzi wakiruka ruka huku wamefungwa, na mbali kidogo kengele za mama zao zikirudi. Akageuka, akaja kuketi karibu nami. Yale mafundo mengine hakuyavuta.

Kijana aliona. Niliona kwamba ameona. Aliinama akaokota kipande cha kamba kilichokuwa kimesalia, akakikunja vizuri, akakitundika kwenye mwiba wa boma tayari kwa kesho.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akuamshe salama kesho asubuhi. Kilichokufunga akikate, na mkono wako usibaki mtupu; akupe kazi ndogo inayokungoja, na mtu wa kutembea nyuma yako mpaka atakapoona inatosha. Na yule unayemlilia, aliye njiani au aliye kwenye kona, Bwana amfikishe langoni, na siku hiyo akukute umesimama hapo. Amina.